Mafunzo ya kazi kwenye mgahawa wa hadhi ya juu hapa Unguja: kinachofundishwa kweli

Mtoto wa Kikwajuni

Assalaam aleykum wana jukwaa.

Msimu ukikaribia maswali huwa yale yale: "Nimeitwa mafunzo mgahawa mkubwa, nijitayarishe vipi?" Na majibu huwa mawili tu, soma Kiingereza na piga pasi shati. Mimi nimo ndani ya mafunzo hayo sasa hivi, mgahawa uko Shangani, Mji Mkongwe, jina nalihifadhi maana mkataba bado hatujasaini. Kabla ya hapo nilikuwa weita migahawa ya ufukweni kule Nungwi, kwa hiyo nina cha kulinganisha. Naandika kirefu, mwenye haraka apite.

Kubeba sahani ndiyo somo dogo kuliko yote. Mbili mkono wa kushoto, moja wa kulia, unaanza na sahani tupu, halafu zenye maji, mkono unazoea. Somo kubwa ni menyu. Kila mgeni kazini (maana na sisi ni wageni) anapewa karatasi za menyu nzima aende nazo nyumbani: kila chakula, kila kilichomo ndani yake, kimepikwaje, sosi yake imeanza na nini, na kipi kinaweza kutolewa mgeni asipokitaka. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha watu. Mgeni akisema hataki kitunguu thomu, saladi utamtolea, lakini mchuzi wa nazi wa pweza umeshachemka na thomu yake tangu mchana. Ukimwambia "hakuna shida" umemdanganya, na jikoni watakurudisha mezani ukaombe radhi.

Saa kumi jioni, kabla ya wageni, tunasimama wote kuzunguka meza moja. Shefu anatoa chakula kimoja au viwili, tunaonja kila mtu kwa kijiko chake, halafu anachagua mtu: "Nieleze hiki kama mimi ni mgeni." Sentensi mbili, basi. Ukianza hadithi ya bibi yako anakukatisha.

Sasa hapa nataka vijana wa visiwani mnisikilize. Kwenye kundi letu wapo waliosoma vyuo vya hoteli na Kiingereza chao kimenyooka kuliko changu. Lakini shefu alipouliza tofauti ya samaki changu na nguru ukimtia kinywani, au kwa nini wali wa nazi unawekwa moto juu na chini, waliojibu ni tuliokulia kwenye majiko ya mama zetu. Hicho ni kitu ambacho mwajiri hawezi kukununulia. Tatizo letu hatukisemi, tunadhani ni mambo ya nyumbani yasiyo na thamani.

Jambo jingine ni namba za viti. Kila meza viti vyake vina namba kuanzia sehemu maalumu, kwetu ni kiti kinachokaribia mlango wa jikoni halafu unafuata mwendo wa saa. Oda inaandikwa kwa namba ya kiti, ili anayeleta chakula, ambaye pengine si wewe, aweke sahani mahali pake bila kusema neno. Kufika mezani na kuuliza "pweza wa nani?" ni marufuku kabisa. Kule ufukweni tulikuwa tunapiga mnada.

Aleji nitaiandikia peke yake, maana ndiyo nusu ya mafunzo. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya 2011 inataja makundi 14 ya vyakula ambavyo mla lazima ajulishwe. Sisi haitubani, ila wageni wetu wengi wanatoka huko na wanategemea umjibu sawasawa. Ndani ya 14 hizo samaki ni kundi moja, kamba na kaa kundi jingine, pweza na ngisi na chaza jingine tena. Kwetu vyote ni "vitu vya pwani". Mgeni anayedhurika na kamba pengine pweza anamla vizuri, pengine naye hamfai, si kazi yako kubahatisha. Karanga ni kundi moja, korosho ziko na lozi kwenye kundi jingine. Ufuta nao umo, na kikapu cha mkate wa ufuta ndicho kinachofika mezani kabla hata mgeni hajaagiza! Kwa hiyo swali la aleji linaulizwa kabla ya mkate, si baada. Tena mafuta: chipsi zikikaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia kamba, hizo si chipsi za mtu mwenye aleji ya kamba. Nazi haimo kwenye orodha hiyo, lakini mgeni akiitaja unaiandika kwenye oda kama nyingine.

Sentensi wanayotufundisha kuliko zote ni hii: "Ngoja niulize jikoni, narudi sasa hivi." Ukienda, urudi kweli.

Upande wa kuweka sahani nisiulizwe. Hapa nilipo tunaweka na kuondoa kwa kulia, nilipokuwa mwanzo walitaka kuweka kwa kushoto na kuondoa kwa kulia. Zote mbili zinatumika duniani, fuata ya nyumba uliyomo.

Karibuni kwa maswali.

Binti Mkoani

Waaleykum salaam kaka. Nimeusoma wote. Mimi niko Pemba, nimeitwa kwenye usaili mwezi ujao huko huko Mji Mkongwe, na boti nitajilipia mwenyewe. Nina mawili. La kwanza mtandio, wanakubali? La pili ulevi, yaani pombe. Mimi sitaki kuushika, sasa sijui niseme mwanzo au ninyamaze mpaka nipate kazi.

Mtoto wa Kikwajuni

Dada, mtandio kwetu wapo wanaovaa, rangi ile ile ya sare, umefungwa nyuma usining'inie juu ya sahani. Ni suala la usalama kama nywele za wasiovaa, nao lazima wabane.

La ulevi sema mwanzo. Kwetu vinywaji vya baa vinaletwa na watu wa baa, na waliosema siku ya usaili wamepangwa kupokea wageni mlangoni, au kuleta chakula, au chai na kahawa na vitindamlo. Ukinyamaza halafu ukatae usiku watu wamejaa, mzigo anaubeba mwenzako.

Lakini elimu yake utafundishwa tu, hata kama hushiki. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150, hiyo ni hesabu ya bili. Nyeupe inanyweka kwenye nyuzi 8 mpaka 12, nyekundu 16 mpaka 18. Vitabu vya Ulaya vinasema nyekundu ni "joto la chumba", vyumba vyao hivyo, chumba cha Shangani mwezi wa Februari ni nyuzi thelathini, kwa hiyo hata nyekundu inapita kwenye barafu kidogo. Mwenye meza anaonyeshwa karatasi ya chupa, anaonja, akikubali wenzake wanamiminiwa na yeye anamaliziwa mwisho.

Ustadh wa Mwembetanga

Ndugu yangu Mtoto wa Kikwajuni umeandika mazuri ya aleji na adabu ya meza, lakini hili usilipitishe kama jambo la kupanga zamu tu. Hadithi ya Mtume inayotaja watu kumi waliolaaniwa kuhusiana na ulevi mnaijua, na anayebeba yumo, na anayebebewa yumo. Kijana akisema "mimi natafuta riziki" na riziki ina mlango wake. Mji Mkongwe ipo migahawa inayojaa wageni mchana na usiku na chupa hata moja hamna. Binti Mkoani, anza kutafuta huko.

Mtoto wa Kikwajuni

Ustadh nimekusikia na sikupingi, mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nimemjibu aliyeuliza atasemaje kwenye usaili. Ukiijua mitatu minne isiyouza ulevi na inayofundisha wafanyakazi wake vizuri, iweke hapa tumsaidie.

Shefu Mstaafu

Nimefanya kazi majikoni Unguja tangu hoteli za kaskazini hazijawa na barabara ya lami ya kueleweka. Kijana ameandika vizuri, nataka kuongeza ya upande wetu wa moto.

Mafunzo ya weita yasiyomuingiza jikoni ni mafunzo nusu. Mimi nilikuwa simruhusu mtu kugusa meza mpaka asimame na mimi pale dirishani chakula kinapotoka, na usiku mmoja aoshe vyombo na mastiwadi. Akishaosha ndipo anajua kwa nini mabaki yanatupwa kwanza na uma haziachwi juu ya sahani ya juu zikaanguka njiani.

Dirishani anajifunza mwendo. Meza ya watu wanne, mmoja kaagiza nyama iliyoiva kabisa, mwengine saladi. Saladi dakika tatu, nyama ile hadi katikati ifike nyuzi 70 ni muda, na ikitoka motoni inapumzishwa kwanza. Sahani nne lazima zifike pamoja. Kwa hiyo weita ndiye anayetuambia "meza namba sita wamemaliza supu". Asiposema, sisi tunapika gizani. Mgeni akinyanyuka kwenda msalani aje atuambie pia, maana sahani haiwekwi mbele ya kiti kitupu.

Nyama mjifunze kuuliza kwa kueleza, usimtajie mgeni jina tu. "Katikati iwe nyekundu na yenye joto" hiyo ni kama nyuzi 55. "Iwe na wekundu mdogo" hiyo 60 kupanda. Watu wa nchi mbalimbali wanatumia majina yale yale kwa nyama tofauti.

Na samaki. Menyu ya mgahawa wa hadhi hapa kwetu haiwezi kusimama kama ya Ulaya, bahari haina mkataba na mtu. Kusi likichafuka wavuvi hawatoki nje ya mwamba na samaki wakubwa wanapanda bei soko la Malindi. Pweza naye, vipo vijiji vinavyofunga miamba yao miezi kadhaa ili wakue, Kisiwa Panza huko kwenu Pemba, Binti Mkoani, ni mmoja wao. Sasa weita anayejua hivyo, mgeni akiuliza kwa nini leo pweza hakuna, ana jibu zuri la kumpa, na mgeni anafurahi kuliko angepewa pweza wa friji. Asiyejua anasema "imeisha".

Jambo la mwisho, kamba kochi na samaki mzima huuzwa kwa uzani. Mwambie mgeni uzani na bei KABLA hajakubali, mbele ya wenzake wote. Ugomvi mwingi wa bili niliouona maishani umetoka hapo.

Kibarua Huru

Mnazungumza nyuzi joto, mimi naomba tuzungumze fedha. Hayo mafunzo analipwa?

Nauliza kwa sababu ipo nyumba moja pwani ya mashariki, sitaitaja, kila Disemba inachukua "wanafunzi wa kazi", wanabeba sinia msimu mzima, chakula cha bure na nauli ya daladala basi. Februari ikiisha, mwaitwa ofisini mwambiwa hamkufaulu. Disemba nyingine wanaitwa wengine. Hayo si mafunzo, ni vibarua vya bure. Mtu anayehudumia wageni wanaolipa bili anafanya kazi.

Sheria ya Ajira Zanzibar namba 11 ya 2005 ipo, na Kamisheni ya Kazi ipo, lakini utaenda kulalamika na karatasi gani kama uliambiwa kwa mdomo? Ukiitwa tu, omba maandishi: mafunzo yanaanza lini na yanaisha lini, unalipwa kiasi gani humo ndani, sare ni yao au utakatwa, ukivunja glasi nani analipa, na ukifaulu ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar) inaanza kuwekwa lini. Akikunja uso kwa maswali hayo, shukuru umejua mapema.

Mtoto wa Kikwajuni

Kibarua, hili nilipaswa kuliweka juu kabisa, nashukuru umelileta. Kwetu wanalipa posho ya mafunzo, ndogo kuliko mshahara lakini imeandikwa kwenye barua na tarehe ya mwisho imo. Wakati huo hatuwi na meza zetu, tunamfuata weita mzoefu kama kivuli. Glasi hatulipi, labda uvunje kwa makusudi. Kupima afya kwa ajili ya kushika chakula tumejigharamia wenyewe na risiti tumeambiwa tuzitunze turudishiwe. Tunasubiri.

Bakhshishi wanaweka sanduku moja na kugawa kwa pointi, mpaka stiwadi anapata. Sisi wa mafunzo bado hatumo. Mimi sioni ubaya, ingawa mmoja wetu amenuna.

Kijana wa Dodoma

Mimi ni mbara, niko Paje, weita. Nimesoma pale mliposema mtoto wa visiwani anajua chakula kuliko aliyetoka chuo. Sawa, lakini isiwe fimbo ya kutupigia. Kila uzi wa ajira Zanzibar unaishia "wabara wamejaa". Mimi nilipofika sikujua hata urojo, nikamfuata mama mmoja jirani yangu Jambiani akanifundisha mpaka mkate wa kumimina. Leo nawaeleza Wataliano kwa Kitaliano chao.

Mtoto wa Kikwajuni

Kaka hakuna fimbo. Wewe umefanya lile lile ninalolisema, umeenda jikoni. Nilikuwa nawaambia wa kwetu walionalo wasilidharau.

Na nikuambie, tulipopangiwa ratiba ya Ramadhani, ninyi ndio mliotuokoa. Miaka hii mfungo unaangukia Februari na Machi, wageni wapo wengi, na kila mgeni anataka meza ya juu jua linapotua, ambayo ndiyo adhana ya magharibi. Supavaiza amepanga hivi: wasiofunga wanashika meza zote kwanza, waliofunga nusu wanateremka kwa tende na maji na kusali, wanarudi, nusu nyingine inateremka. Wageni wanaambiwa wakati wa kuweka nafasi kwamba vyakula vya moto vitaanza kidogo baada ya magharibi. Hakuna aliyelalamika, wengi wanataka kuisikiliza adhana.

Mama wa Michenzani

Wanangu, kuonja mchana wa mfungo mnafanyaje? Shefu akisimama saa kumi na vijiko vyake?

Shefu Mstaafu

Bi mkubwa, kwenye jiko langu wasiofunga ndio walioonja mezani, waliofunga walionja baada ya futari. Wapishi nao walikuwa na wenzao wa kuwaonjea chumvi. Kazi haikusimama.

Binti Mkoani

Nashukuru nyote. Nimewaandikia nikauliza yale ya Kibarua Huru, wamenijibu kwa maandishi, posho ipo na sare ni yao. La ulevi nalo nimelisema, wamesema nitaanza mlangoni kupokea wageni. Ustadh, bado nayangoja majina uliyoombwa.

Kaka, viatu? Wameandika "vyeusi vya kufunika" tu.

Mtoto wa Kikwajuni

Visivyoteleza, hilo ndilo la kwanza, sakafu ya jikoni ina maji na mafuta saa zote. Geuza soli uitazame kabla ya kulipa. Darajani mtumba mzuri unapatikana, nenda asubuhi, jioni mguu umevimba na unaweza kupotea saizi. Hapana, nimesema kinyume: nenda JIONI, mguu ukiwa umevimba ndiyo saizi utakayosimama nayo usiku kucha.

Halafu nisaidieni. Shefu ametupa zoezi la kesho saa kumi. Meza ya wageni watatu wanataka kuanza na vitu vya kwetu. Wa kwanza aleji ya kamba. Wa pili hali kitu chenye ngano. Wa tatu hali nyama, samaki, yai wala maziwa. Tuwape kitu kimoja waanze nacho wote watatu kwa pamoja.

Binti Mkoani

Rahisi! Urojo, usitie mishikaki wala yai. Bajia za dengu, kachori za mbatata, chatini ya nazi, mbatata za kuchemsha.

Kijana wa Dodoma

Namuunga mkono dada. Urojo.

Shefu Mstaafu

Ule uji wa urojo mnaukoroga kwa unga gani?

Binti Mkoani

Wa ngano 😅

Shefu Mstaafu

Haya, mgeni wa pili umeshampoteza. Na bajia zako, karai ile asubuhi ilikaanga nini?

Mtoto wa Kikwajuni

Muhogo wa kuchoma kwenye makaa, na chatini ya nazi pembeni. Muhogo hauna ngano, wavu nitauomba uliosafishwa usiopitia kamba, na chatini ni nazi, pilipili, ndimu na chumvi.

Shefu Mstaafu

Wavu umeukumbuka, vizuri. Na chatini uliza jikoni leo wameisaga na nini, usiseme kwa kukisia.